Kilomita 1,363 na Saa Ishirini na Tatu: Uchambuzi wa Safari ya Ndege kutoka Mtwara hadi Bukoba

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha safari moja ya ndege, kutoka kiwanja cha Mtwara kilicho katika pembe ya kusini-mashariki ya Tanzania hadi kiwanja cha Bukoba kilicho katika pembe ya kaskazini-magharibi. Msafiri alikuwa muuguzi anayefanya kazi Mtwara, aliyefiwa na shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu utotoni. Familia iliyokuwa msibani Bukoba ilipanga saa ya mazishi kwa kutegemea umbali na muda wa kuruka uliosomwa kwenye simu, na mimi, kwa kuwa nipo Dar es Salaam, niliombwa nishughulikie tiketi. Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu kwa sababu tarakimu ambazo familia ilizisoma zilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na hata hivyo mpango uliojengwa juu yake haukuwezekana.

Taarifa ya kifo ilitoka Jumatatu saa moja usiku. Baba mdogo wa muuguzi huyo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, aliingiza majina ya viwanja viwili katika kikokotoo cha umbali, akapata kilomita 1,363 na muda wa kuruka wa saa 2 na dakika 12, kisha akampigia.

"Pole sana, mwanangu. Nimeangalia hapa, ndege ni saa mbili tu na dakika chache. Ukitoka huko kesho saa tatu asubuhi, adhuhuri umeshafika, na sisi tutazika saa tisa."

"Shikamoo, baba. Nashukuru. Naomba kwanza niulizie ratiba, kisha nitakupigia usiku huu huu."

Kwa Wahaya marehemu huzikwa katika kibanja cha familia, kati ya migomba, mbele ya watoto wake na wale aliowalea, kwa hiyo suala la kuzika bila ya muuguzi huyo halikuwa likijadiliwa na yeyote. Lililojadiliwa ni saa. Wageni walikuwa wamekwisha kutangaziwa Jumanne, majirani wamegawana zamu za kupika, na mafundi wa kaburi walikuwa wakisubiri neno la baba mdogo.

Tuanze na umbali wenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuuhakiki bila chombo chochote zaidi ya kalamu. Kiwanja cha Mtwara kipo takribani nyuzi 10.34 kusini mwa Ikweta na nyuzi 40.18 mashariki, kiwanja cha Bukoba kipo nyuzi 1.33 kusini na nyuzi 31.82 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 9.01, na kwa kuwa kila nyuzi ni karibu kilomita 111.2, hiyo ni sawa na kilomita 1,002 za kwenda kaskazini. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 8.36, ambazo karibu na Ikweta hupungua kidogo sana kwa sababu ya umbo la dunia, zikatoa kilomita 925 za kwenda magharibi. Ukizichukua namba hizo mbili kama pande za pembetatu mraba, upande wa tatu unakuwa takribani kilomita 1,363. Kanuni ya duara kuu, inayohesabu mkunjo wa dunia barabara, inatoa jibu lile lile kwa tofauti isiyozidi kilomita moja. Baba mdogo hakudanganywa na simu yake kuhusu umbali.

Muda ndio uliokuwa na dhana zilizofichika. Vikokotoo vingi vya aina hii havisomi ratiba ya shirika lolote wala haviangalii ni ndege gani inaweza kutua wapi. Huchukua umbali wa mstari ulionyooka, huugawanya kwa kasi ya ndege ya jeti ya takribani kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka. Kilomita 1,363 kwa kasi hiyo ni saa 1 na dakika 42. Ongeza dakika 30, unapata saa 2 na dakika 12 kamili kama alivyosoma baba mdogo. Namba hiyo inajibu swali la ndege ya jeti ambayo ingeondoka Mtwara na kwenda Bukoba moja kwa moja, na ndege hiyo haipo.

Haipo, kwanza, kwa sababu ya kiwanja cha Bukoba. Njia yake ya kuruka na kutua ni fupi, takribani kilomita moja na nusu, imebanwa kati ya mji na Ziwa Victoria, na ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege inahitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kuliko ingehitaji pwani. Kwa hiyo abiria wa Bukoba hubebwa na ndege za pangaboi, kama vile Dash 8-400 na ATR, ambazo zimeundwa kwa viwanja vya namna hiyo. Mtwara haina kikwazo hicho. Njia yake ilirefushwa hadi mita 2,800 na ipo karibu na usawa wa bahari, hivyo jeti kama Airbus A220 hutua bila shida. Viwanja viwili vya mikoa, katika nchi moja, vina uwezo tofauti kabisa, na safari inayoviunganisha inapaswa kuhesabiwa kwa uwezo wa kile kilicho dhaifu zaidi. Mpango wa kujenga kiwanja kingine kikubwa eneo la Omukajunguti, wilayani Missenyi, umezungumziwa kwa miaka mingi, lakini msiba hausubiri mipango.

Dash 8-400 husafiri angani kwa takribani kilomita 600 kwa saa kwa matumizi ya kawaida, na ATR kwa takribani kilomita 500. Tukikubali kwa muda kwamba pangaboi ingeruka moja kwa moja kutoka Mtwara hadi Bukoba, Dash 8 ingetumia kama saa 2 na dakika 35, na ATR kama saa 3 na dakika 5, tukijumlisha dakika 20 za kutembea ardhini, kupaa na kushuka. Hata safari ya kufikirika, iliyonyooka kuliko zote, ina dakika 23 hadi 53 zaidi ya ile ya kikokotoo. Dakika hizo, hata hivyo, sizo zilizovuruga mazishi.

Watu wengi waliosikia kisa hiki walikimbilia kusema kwamba tatizo ni kuzunguka kupitia Dar es Salaam. Nilipoulizwa hivyo na ndugu mmoja wa familia, nilichukua ramani nikapima, na matokeo yake ndiyo yaliyonifanya niandike uchambuzi huu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 400 kwa mstari wa angani. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni takribani kilomita 1,025. Jumla ni kilomita 1,425, yaani zaidi ya mstari ulionyooka kwa kilomita 62 tu. Ukiongeza kituo cha Mwanza, ambacho ndege nyingi za Bukoba hukipitia, hali haibadiliki: Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 852, Mwanza hadi Bukoba ni kilomita 175, na jumla ya vipande vyote vitatu ni takribani kilomita 1,427. Mwanza ipo karibu kabisa na mstari unaotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, kiasi kwamba kushuka hapo kunaongeza kilomita mbili au tatu tu. Kwa pangaboi inayokwenda kilomita 600 kwa saa, mzunguko wote wa kupitia miji miwili mikubwa unagharimu chini ya dakika saba za kuruka.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa, kwa sababu malalamiko ya abiria wa mikoani huelekezwa kwenye mzunguko, na hapa mzunguko hauna kosa. Yapo maeneo ambako kupitia Dar es Salaam ni kurudi nyuma kweli. Anayetoka Songea kwenda Mbeya kwa ndege kupitia Dar es Salaam anavuka nchi mara mbili ili afike kwa jirani. Mtwara na Bukoba hazimo katika kundi hilo. Jiografia imezipanga Mtwara, Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba karibu katika upinde mmoja, na kama ingekuwa suala la kilomita peke yake, msafiri huyu angefika mapema mchana wa Jumanne.

Upepo nao hauna kesi ya kujibu. Katika anga la nchi yetu, kwenye urefu wanaporuka marubani wa pangaboi, upepo mara nyingi hutoka upande wa mashariki, hivyo humsukuma kidogo anayekwenda Bukoba na kumzuia kidogo anayerudi. Upepo wa noti 20, ambao ni sawa na kilomita 37 kwa saa, unapunguza kipande cha Dar es Salaam hadi Bukoba kwa kama dakika sita na kukirefusha kwa kama dakika saba wakati wa kurudi.

Sasa tuje kwenye kiini. Ndege nyingi za abiria wa ndani hulala Dar es Salaam. Huko ndiko kuna mafundi, vipuri, wafanyakazi na makazi yao, kwa hiyo alfajiri ndege hutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, hugeuza, na kurudi. Anayeishi Dar es Salaam na kwenda Bukoba anaondoka na kundi hilo la alfajiri na kufika asubuhi. Anayeishi Mtwara anapaswa kwanza kuisubiri ndege itoke Dar es Salaam, ifike kwake, imchukue, imrudishe Dar es Salaam. Na wakati anaposhuka pale, ndege ya Bukoba ya siku hiyo imekwisha kuondoka zamani. Safari za Bukoba kwa miaka mingi zimekuwa za wakati wa mwanga, si za usiku, na mashirika hupenda kuziweka asubuhi na mapema ili ndege ipate muda wa kurudi na kufanya kazi nyingine. Hivyo mfumo ulivyo, anayetoka mkoa mmoja kwenda mkoa mwingine wa mbali hupoteza usiku mmoja, hata kama umbali wake ni mdogo kuliko wa mtu anayetoka nje ya nchi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumanne ile. Ndege ya Mtwara iliyokuwa na nafasi iliondoka saa nane mchana na kufika Dar es Salaam saa tisa. Ndege ya Bukoba iliyofuata ilikuwa Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikipitia Mwanza. Usiku wa Jumatatu nilimweleza baba mdogo kwamba mazishi ya Jumanne hayawezekani kwa njia yoyote ya abiria wa kawaida, kisha tukapitia njia mbadala moja baada ya nyingine, kwa simu, hadi karibu saa sita usiku.

Njia ya kwanza ilikuwa basi la usiku. Mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu mwaka 2023, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takribani kilomita 560, mwendo wa saa tisa hadi kumi. Angepata basi saa mbili usiku ule ule wa Jumatatu, angeshuka Mbagala karibu na saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka Mbagala hadi kiwanja cha Julius Nyerere kwa foleni ya asubuhi hakuna anayeweza kuahidi dakika. Ndege ya Jumanne iliondoka wakati ule ule wa saa kumi na mbili na nusu, na dirisha la kupokea abiria lilikuwa likifungwa dakika 45 kabla. Asingeipata. Lakini hesabu hii ilifunua jambo ambalo halikuwa wazi mwanzoni: basi la Jumanne asubuhi, linaloondoka Mtwara alfajiri na kufika Dar es Salaam jioni, lingemfikisha kwenye ndege ile ile ya Jumatano. Kwa maneno mengine, tiketi ya ndege ya Mtwara hadi Dar es Salaam haikumpunguzia hata dakika moja ya kufika Bukoba. Ilimpunguzia uchovu, na ilimwepusha na hatari ya barabara kukatika, hatari ambayo si ya kubuni. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliharibu barabara ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Kwa mtu aliyefiwa, nafuu hiyo ina thamani, na nilishauri ailipie. Lakini alilipa akijua anachonunua.

Njia ya pili ilikuwa ya kufika Dar es Salaam saa tisa alasiri, kupanda jeti ya jioni kwenda Mwanza, na kumalizia kwa gari. Safari za Dar es Salaam na Mwanza ni nyingi, na jeti hutumia takribani saa moja na nusu. Kutoka Mwanza hadi Bukoba, ambako kwa angani ni kilomita 175 juu ya maji, barabara inazunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo na kuzidi kilomita 400, ingawa daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Kwa njia hii angefika Bukoba usiku wa manane, saa kadhaa kabla ya ndege ya asubuhi. Nilipinga. Mazishi ya Jumanne yalikuwa yamekwisha kupotea, na ya Jumatano yangekuwa alasiri. Kufika saa tisa usiku badala ya saa tatu na nusu asubuhi kusingebadilisha chochote isipokuwa kumweka dada wa watu peke yake katika gari la kukodi usiku kucha. Meli ya New Victoria, ambayo husafiri usiku kati ya Mwanza na Bukoba, ingekuwa suluhisho zuri kuliko yote, kwa kuwa hufika alfajiri na abiria amelala, lakini haitoki kila siku na usiku ule haikuwa zamu yake.

Tulibaki na Jumatano. Baba mdogo aliuliza azike saa ngapi, na hapa ndipo nilipoomba familia ipange kwa kuanzia mwisho wa safari. Ndege ilitarajiwa Bukoba saa tatu na nusu asubuhi. Ingewezekana kutangaza mazishi saa sita. Lakini kipande cha Mwanza hadi Bukoba ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho chenye mashaka kuliko vyote, kwa sababu ya hali ya hewa ya ziwa. Mawingu ya mvua hujikusanya juu ya Ziwa Victoria usiku na alfajiri, na ukanda wa magharibi, ambako Bukoba ipo, hupata sehemu kubwa ya mvua hizo asubuhi. Hakuna anayeishi Bukoba asiyekumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilipoanguka ziwani karibu kabisa na kiwanja katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha. Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Kwa hiyo rubani anaposema anasubiri Mwanza hadi hali ya hewa itulie upande wa pili, abiria mwenye akili timamu humshukuru.

Nilipendekeza saa tisa alasiri, na kikomo cha saa kumi na moja jioni iwapo ndege ingeshindwa na msafiri akalazimika kuchukua gari kutoka Mwanza. Mwendo wa gari wa saa sita hadi saba, ukianza saa tatu asubuhi, unaishia kati ya saa tisa na saa kumi. Jua la Bukoba lilitupa nafasi kidogo. Kwa kuwa mji upo magharibi mwa Mtwara kwa nyuzi nane na ushee, na nchi nzima inatumia majira yale yale ya saa, jua huzama Bukoba kama dakika 33 baada ya wakati ambao lingezama kwa longitudo ya Mtwara, karibu na saa moja kasoro. Mwanga wa kuzikia ungekuwepo hata kwa kuchelewa. Niliandika ratiba yote kwenye ujumbe mmoja kwa saa za Kiswahili, kwa sababu tiketi huandika 06:30 na 14:00, na msibani ujumbe hupita mikononi mwa wazee wengi.

Safari yenyewe ilikwenda karibu kama ilivyopangwa. Muuguzi alitoka nyumbani kwake Mtwara Jumanne saa tano na nusu asubuhi, akiwa na begi moja la mkononi, kwani nilimsihi asiweke mzigo chini ya ndege. Saa tisa alikuwa Dar es Salaam. Alilala kwa ndugu Kipawa, karibu na kiwanja, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa kwenye foleni. Ndege ilipaa saa kumi na mbili na nusu, ikatua Mwanza saa mbili na dakika kumi. Hapo wale wanaoendelea Bukoba walipaswa kubaki vitini kwa dakika 35. Baada ya muda huo mhudumu alitangaza kwamba kuna ukungu na mvua Bukoba, na kwamba wataarifiwa. Muuguzi aliniandikia kutoka kitini: mzee aliyekaa jirani naye alikuwa ameshika simu sikioni, akimuuliza mtu aliyekuwa Bukoba kama anaweza kukiona kisiwa cha Musira kutoka ufukweni. Jibu lilikuwa hapana, kisha baada ya muda kidogo, kwa mbali, kisha ndiyo. Muda mfupi baada ya "ndiyo" hiyo rubani naye akapata kibali. Ndege ilitua Bukoba saa nne na nusu, saa moja nyuma ya ratiba, na mazishi yalifanyika saa tisa kama yalivyotangazwa.

Kutoka mlangoni kwake hadi kutua Bukoba ni saa 23. Katika hizo, muda aliokuwa ndani ya ndege yenye mwendo ni takribani saa 3 na dakika 25: saa moja hadi Dar es Salaam, saa moja na dakika 40 hadi Mwanza, dakika 45 hadi Bukoba. Hali ya hewa ilichukua saa moja. Kituo cha kawaida cha Mwanza kilichukua dakika 35. Kukaa Dar es Salaam, tangu kutua hadi kupaa, kulichukua saa 15 na nusu. Iliyobaki ni maandalizi ya kutoka nyumbani na kusubiri Mtwara. Anayetaka kuifupisha safari hii kwa kutafuta ndege yenye kasi zaidi anashughulika na sehemu ndogo kabisa. Hata kama kila kipande kingerushwa na jeti, angeokoa chini ya saa moja kati ya saa 23.

Kuna jambo la tiketi ambalo abiria wa mikoani wanapaswa kulijua. Vipande viwili vikinunuliwa kwa tiketi moja, shirika lililouza linabeba dhamana ya kumfikisha msafiri hata kama kipande cha kwanza kimechelewa. Vikinunuliwa mbalimbali, kwa mashirika mawili au hata kwa shirika moja kwa tiketi mbili, kuchelewa kwa ndege ya kwanza kunahesabiwa kuwa abiria hakutokea kwenye ya pili, na nauli hupotea. Wauzaji wengine hutoa tiketi mbili kwa sababu ni nafuu kidogo au ni rahisi kwao, bila kumweleza mteja tofauti. Kwa safari yenye usiku katikati hatari si kubwa. Kwa safari ya kuunganisha siku hiyo hiyo, ningelipa zaidi nipate tiketi moja.

Baadhi ya ndugu walisema, baada ya matanga, kwamba Serikali ilete ndege ya moja kwa moja kati ya Mtwara na Bukoba. Sidhani, kwa sababu watu wanaosafiri kati ya miji hiyo miwili kwa siku hawawezi kujaza hata nusu ya Dash 8 yenye viti zaidi ya 70, na kama tulivyoona, faida ya kunyoosha njia ni kilomita sitini na kidogo. Kinachoweza kufanyika ni kuzikutanisha ndege zilizopo. Ndege inayotoka Dar es Salaam alfajiri hufika Mtwara karibu na saa moja asubuhi, na ikigeuza haraka inaweza kurudi Dar es Salaam saa tatu kasoro. Kama safari ya Bukoba ingewekwa saa nne au saa tano asubuhi badala ya alfajiri, angalau kwa siku chache za wiki, abiria wa Mtwara angeipata akiwa na nafasi ya kutosha, vivyo hivyo abiria wa Songea na Mbeya wanaofika asubuhi. Ndege hiyo ingefika Bukoba mchana, ukungu wa asubuhi ukiwa mara nyingi umekwisha kupanda, na ingerudi Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Msafiri wetu, kwa ratiba hiyo, angetoka Mtwara Jumanne saa moja na nusu asubuhi na kutua Bukoba kati ya saa sita na saa nane mchana, na saa tisa ya mazishi aliyoitaja baba mdogo Jumatatu usiku ingebaki ilivyo.

Hasara yake ni kwamba mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayekwenda Bukoba na kurudi siku hiyo hiyo angepoteza nusu siku ya kazi, na mfanyabiashara huyo husafiri mara nyingi kuliko muuguzi. Shirika lina haki ya kumpima. Ninachoomba ni kwamba katika upimaji huo wahesabiwe pia abiria wanaokuja kutoka mikoani, ambao leo hawaonekani katika takwimu za kuunganisha ndege kwa sababu ratiba yenyewe haiwapi nafasi ya kuunganisha: hununua tiketi ya Mtwara hadi Dar es Salaam, hulala, kisha hununua nyingine ya Bukoba, na katika vitabu vya shirika wanasomeka kama watu wawili tofauti.